Lester Cole Hakutuchukia

Huku kwetu, kuanzia Garissa mjini hadi Liboi mpakani, kuna hoja inayorudiwa kila filamu ya kigeni inapotuonyesha tukiwa maharamia au magaidi. Hollywood, watu husema, inatupotosha kwa kuwa inatuchukia. Mtu akishataja Black Hawk Down ya 2001 na Captain Phillips ya 2013 huona amemaliza kazi, akanywa chai yake. Dawa nayo hutolewa papo hapo: apatikane mwandishi mwenye moyo safi, aliyeonja dhuluma mwenyewe, atuandike kwa haki. Tumeigeuza methali ya mgeni njoo mwenyeji apone kuwa sera ya sinema.

Mwandishi wa namna hiyo alishapatikana, zamani sana. Ndiye aliyeandika filamu mashuhuri kuliko zote ambazo hadithi yake imewekwa kaskazini mwa Kenya. Na wenyeji wa kaskazini, ndani ya filamu hiyo, ni kama hatumo.

Filamu yenyewe ni Born Free, iliyotoka 1966. Ni kisa cha Elsa, mtoto wa simba aliyelelewa Isiolo na George Adamson, bwana nyama wa ile iliyoitwa Northern Frontier District, pamoja na mkewe Joy. Watu wa umri wangu waliiona kwenye ukuta uliopakwa chokaa au kwenye televisheni ya jirani, na wengi wanakumbuka muziki wake kuliko hadithi yake. Muziki huo wa John Barry ulipata tuzo mbili za Oscar. Lakini ukisoma majina yanayopita mwanzoni, anayetajwa kuwa mwandishi ni Gerald L. C. Copley, na hakuna binadamu aliyewahi kuzaliwa akapewa jina hilo. Mwandishi alikuwa Lester Cole. Alijificha nyuma ya jina la kubuni kwa sababu jina lake halisi lilikuwa limepigwa marufuku Hollywood kwa miaka karibu 20.

Cole alizaliwa New York mwaka 1904 katika familia ya Wayahudi wahamiaji kutoka Poland. Aliacha shule mapema, akaingia kwenye tamthilia, kisha akahamia sinema wakati filamu zilikuwa ndiyo kwanza zimeanza kusema. Mwaka 1933 alikuwa miongoni mwa waasisi wa chama cha waandishi wa filamu, enzi ambapo kampuni zilimwona mwandishi kama kibarua wa kuchapa maneno. Mwaka uliofuata akajiunga na Chama cha Kikomunisti. Kwa muda wa miaka 15 aliandika au kushiriki kuandika filamu nyingi, nzuri na mbovu, kwa kuwa mwajiriwa hapewi chaguo. Iliyo bora kwa maoni yangu ni None Shall Escape ya 1944, iliyowapeleka Wanazi mahakamani kwenye skrini kabla vita vyenyewe havijaisha. Mtu hawezi kuandika filamu ile akiwa hajali dhuluma.

Oktoba 1947 aliitwa mbele ya kamati ya Bunge la Marekani iliyokuwa ikiwasaka wakomunisti. Aliulizwa kama ni mwanachama wa chama cha waandishi, akaulizwa pia kama ni mkomunisti, akakataa kujibu kwa namna waliyoitaka. Yeye na wenzake tisa wakashtakiwa kwa kulidharau Bunge. MGM, kampuni iliyokuwa imemwajiri, ikamsimamisha. Mwaka 1950 akaingia gereza la Danbury, Connecticut, kwa kifungo cha mwaka mmoja. Humo akamkuta J. Parnell Thomas, yule yule aliyekuwa mwenyekiti wa kamati iliyomhoji. Thomas naye alikuwa mfungwa, kwa kosa ambalo msomaji wa Kenya hahitaji kuelezwa: alikula mishahara ya wafanyakazi hewa. Mheshimiwa alikuwa amepangiwa banda la kuku. Cole mwenyewe alisimulia kwamba siku moja Thomas alimtania kwa sababu ya mundu ambao Cole alikuwa akikatia nyasi, akimuuliza nyundo iko wapi, naye Cole akamjibu kwamba mwenzake bado anashughulika na kinyesi kama alivyozoea bungeni. Ni kisa kitamu, na kama alikitia chumvi kidogo namsamehe.

Alipotoka hakuna kampuni iliyothubutu kuliweka jina lake kwenye filamu. Aliishi kwa vibarua na kwa kuandika kisirisiri, baadaye akahamia Uingereza, na huko ndiko kazi ya simba ilikomfikia. Wala hakuwa peke yake. Msimamizi mkuu wa utayarishaji wa Born Free alikuwa Carl Foreman, aliyeandika High Noon ya 1952 na kukimbilia London kwa sababu hizo hizo. Foreman ndiye aliyeshiriki kuandika The Bridge on the River Kwai ya 1957, tuzo ya Oscar ya uandishi ikapewa Mfaransa Pierre Boulle ambaye Kiingereza hakikuwa lugha yake ya kazi, kwa kuwa waandishi wa kweli hawakuweza kutajwa. Kwa hiyo anayeniambia Born Free ni filamu tu ya watoto kuhusu mnyama, isiyo na siasa, ajue kwamba ilipitia mikononi mwa watu wawili waliofukuzwa kazini wakaihama nchi yao kwa ajili ya siasa.

Ukiitazama ukijua hayo, utaona kiini chake ni ugomvi wa raia na serikali. Elsa amewatimua ndovu wakapita katikati ya kijiji. Kendall, mkubwa wa George, anawapa Adamson na mkewe miezi mitatu: simba aende kwenye bustani ya wanyama Ulaya kama dada zake wawili waliopelekwa Rotterdam, au arudishwe porini. Joy anashikilia kwamba kiumbe kina haki ya kuishi kilipozaliwa, bila kizuizi. Karibu nusu ya filamu ni kazi ngumu ya kumfundisha simba kuwa simba. Mtu aliyewahi kufungiwa lango anaandika mambo haya kwa mkono mzito zaidi kuliko anayeyasikia.

Sasa tuangalie hapo alipozaliwa Elsa palikuwa na nini.

Tangu sheria ya 1902 ya wilaya za pembezoni, kaskazini ilikuwa nchi ndani ya nchi. Hukuingia wala hukutoka bila kibali. Sheria ya wilaya maalum ya 1934 ikawapa watawala uwezo wa kuwazuia watu wa kabila zima mahali walipotaka. Mwaka 1962 tume iliyoteuliwa na Waingereza ilizunguka kusikiliza wananchi na kukuta wengi wakitaka kuungana na Somalia; London ikaamua vingine. Uhuru ukaja tarehe 12 Desemba 1963, na mwezi huo haujaisha tayari hali ya hatari ilikuwa imetangazwa huku kwetu. Vikafuata vita vilivyoitwa vya shifta. Kati ya 1966 na 1967, filamu hiyo ikiwa kwenye majumba ya sinema ya dunia, wafugaji walikuwa wakiswagwa kuingia vijiji vya lazima vilivyolindwa na askari. Katika wilaya ile ile ya Isiolo alikolelewa Elsa, Waborana walikusanywa Garba Tula, Merti na Modogashe, wakazuiwa kuhama na mifugo, na ngamia, ng'ombe na mbuzi wakafa kwa maelfu. Kipindi hicho wao hukiita Gaf Daba. Mapatano ya Arusha ya Oktoba 1967 yalituliza bunduki, ila hali ya hatari ilidumu hadi 1991.

Simba mmoja alifundishwa kuhama apendavyo katika wilaya ambayo mtu aliyezaliwa humo alikatazwa kuhama. Sidhani Cole angeandika jambo kali kuliko hilo kama angelikusudia. Hakulikusudia. Katika filamu wapo Nuru na Makkede, walioigizwa vizuri na Peter Lukoye na Omar Chambati, nao ni wafanyakazi waaminifu wa nyumbani na wa porini. Wapo wanakijiji wanaohitaji kulindwa dhidi ya wanyama. Hayupo mfugaji mwenye neno la kusema kuhusu ardhi anayoikanyaga. Hata mandhari si yetu: picha zilipigwa Naro Moru, chini ya Mlima Kenya, penye majani mabichi na umande. Mtu wa Liboi akiambiwa kwamba hiyo ndiyo kaskazini atauliza mchanga uko wapi.

Hapa ndipo hoja ya chuki inapovunjika. Chuki haikuwepo. Huyu ni mtu aliyekwenda jela badala ya kuinamia kamati, aliyeandika dhidi ya Wanazi, aliyekuwa na kila sababu ya kumhurumia mtu anayedaiwa kipande barabarani. Kama moyo safi ungetosha, moyo wa Cole ungetosha. Kilichokosekana ni kitu cha kawaida zaidi, nacho hakizungumzwi sana barazani: alipewa kitabu. Mwandishi wa filamu wa enzi ile hakuanza na nchi wala na watu. Alianza na haki za kitabu zilizonunuliwa na mtayarishaji. Kitabu cha Joy Adamson kilitoka 1960 na kuuzwa kwa mamilioni. Kinaanza na simba mla watu aliyemuua Mborana, kinampitisha Elsa Isiolo, kinamfikisha hadi ufuoni Kiunga karibu na mpaka wa Somalia. Mborana yule anakufa mwanzoni ili kisa kianze, basi. Cole alipunguza, akapanga, akakaza ugomvi. Asichokuwa nacho mezani hakuweza kukipunguza wala kukikaza.

Na ilikuwa mara ya pili. Mwaka 1945 alishiriki kuandika mswada wa Objective, Burma!, filamu ya Errol Flynn iliyoongozwa na Raoul Walsh. Waingereza walikasirika hadi ikaondolewa kwenye majumba ya London baada ya wiki moja tu, kwa sababu Burma ilionyeshwa kana kwamba Wamarekani waliikomboa peke yao. Magazeti ya London yalilalamikia askari wa Kiingereza waliosahauliwa. Hayakuona haja ya kuwatetea King's African Rifles, waliopigana bonde la Kabaw mwaka 1944 katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wakiugua malaria na kukanyaga matope hadi mto Chindwin. Babu zetu walifutwa Burma na mwandishi yule yule aliyetufuta Isiolo miaka 20 baadaye, na nyakati zote mbili bila kinyongo chochote. Hakuwafahamu. Kisa alicholetewa kuhusu Burma, ambacho kilitungwa na Alvah Bessie, mkomunisti mwenzake aliyefungwa pia baadaye, hakikuwa na Mwafrika.

Najua nitakalojibiwa. Nitaambiwa namwonea mwandishi, kwani filamu ni ya mwongozaji, na Born Free iliongozwa na James Hill. Ni kweli, na hilo linaipa nguvu hoja yangu. Mwandishi anayefichwa jina, anayelipwa kimyakimya, asiye na uwezo wa kutia mguu kwenye mkutano wa waandishi wa habari, ana sauti gani ya kudai kijiji kipewe neno? Nia njema ikipita kwa mtayarishaji, kwa mwongozaji, kwa mshauri wa simba (naye alikuwa George Adamson mwenyewe) na kwa kampuni ya Columbia, hufika kwenye skrini ikiwa imechujwa ikabaki ile isiyomghadhibisha mteja yeyote. Anayengojea mwandishi mwema anangojea kiungo kimoja dhaifu katika mnyororo mrefu.

Nitaambiwa pia kwamba si lazima kila filamu ya mnyama ibebe vita. Nakubali bila shida. Na nitakuwa mwizi wa fadhila nisiposema kwamba filamu hiyo ilifanya jema: waigizaji wake wakuu, Virginia McKenna na Bill Travers, walitoka humo wakawa watetezi wa wanyama waliofungiwa, na mwaka 1984 wakaanzisha shirika ambalo leo lina jina la filamu. Simlaumu Elsa. Ninachokataa ni sisi kusoma filamu hiyo, na zilizofuata, kama ushahidi wa chuki, kisha kukaa kungojea upendo.

Chukua mfano unaoelekea upande wa pili. Watu Wote ya 2017 ni filamu fupi iliyoongozwa na Mjerumani, Katja Benrath, ikiwa kazi ya chuo chake cha Hamburg. Inahusu basi lililoshambuliwa na al-Shabaab karibu na El Wak tarehe 21 Desemba 2015, ambapo abiria Waislamu walikataa kutenganishwa na wenzao Wakristo. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi siku hiyo akafariki mwezi uliofuata. Filamu hiyo ilifika kwenye orodha ya wanaowania Oscar 2018, na humo wenyeji wa kaskazini mashariki ndio wanaoamua hadithi iende wapi. Je, Benrath alitupenda kuliko Cole? Sioni kipimo. Tofauti ni kwamba alianza na tendo letu. Abiria wale ndio waliotunga kisa, pale barabarani. Mwongozaji alikuta kiini kimeshafungwa na hakuna aliyeweza kukitoa akabaki na filamu.

Khadar Ayderus Ahmed, mzaliwa wa Mogadishu aliyekulia Finland, naye aliandika na kuongoza mwenyewe The Gravedigger's Wife, akaipigia picha Djibouti kwa Kisomali, na mwaka 2021 akatwaa tuzo kuu ya tamasha la filamu la FESPACO kule Ouagadougou. Ni hadithi ya mchimba makaburi anayengojea vifo vya wengine apate pesa za kumtibu mkewe. Hakuna haramia ndani yake, na hakuna hotuba ya kukanusha maharamia.

Kwa hiyo swali la maana ni nini tumekiweka mezani ambacho mwandishi yeyote, mwema au mwovu, atalazimika kuanza nacho. Joy na George walikutana Garissa, kwenye sherehe za Krismasi ya 1942, kando ya Tana. Jambo hilo limeandikwa na watu watatu wanne. Ndoa ngapi za Garissa za mwaka huo zimeandikwa? Liboi ilipopokea wakimbizi wa Somalia mwaka 1991, kamera za dunia zilikuja zikiwa tayari na hadithi ya njaa, zikaondoka nayo. Kitabu kinachojulikana sana duniani kuhusu Dadaab, City of Thorns cha 2016, kimeandikwa na Mwingereza, Ben Rawlence, na ni kitabu kizuri. Siku kikiuzwa haki zake za filamu, mwandishi atakayeajiriwa ataanzia hapo, kama Cole alivyoanzia kwa Joy.

Na tusidanganyane kwamba hatuna kisa. Mwaka 1996 shirika la wanyamapori la Kenya, KWS, lilianza kuwahamisha hirola, swala adimu wa Garissa, kwenda Tsavo. Wengine walikuwa wameshapelekwa huko 1963, mwaka wa uhuru. Wakazi wa Garissa, wafugaji wa Kisomali, walikwenda Mahakama Kuu Nairobi kuipinga serikali. Walisema mnyama huyu ni wa ardhi hii, na aachwe alipozaliwa. Mahakama ikatoa amri ya kusimamisha uhamisho. Baadaye jamii ya Ijara ikatenga ardhi yake yenyewe, Ishaqbini, na tangu 2012 ina eneo lililozungushiwa uzio kwa ajili ya hirola, ambao kwa makadirio hawafiki 500 duniani kote.

Linganisha na mswada wa Cole. Mnyama yule yule wa kupigania, serikali ile ile inayotaka kumhamisha, hoja ile ile ya mahali pa kuzaliwa. Tofauti ni kwamba safari hii aliyesimama mbele ya mkubwa ni mfugaji, aliyekuwa ametoka katika hali ya hatari miaka mitano tu kabla, na kwamba alishinda. Kesi hiyo imo kwenye kumbukumbu za mahakama, wazi kwa kila mtu. Wazee walioifungua walikuwa na majirani, wake, watoto, na mabishano ya usiku kabla ya kuchanga nauli ya Nairobi. Walio hai bado wanaweza kuulizwa.

Wewe kijana wa Liboi, Dadaab au Masalani unayepiga picha za harusi kwa simu na kuzihariri kwa ustadi unaonishangaza, usimngojee Lester Cole wa pili. Nenda Ijara na daftari, uliza nani alisema nini mwaka 1996, kisha andika, kwa Kiswahili, Kisomali au lugha yoyote inayokukaa mkononi. Kwanza kiwe kitabu, hata kidogo. Filamu ina desturi ya kufuata.